Tonge la Mzee Ngoda

"Hebu niambie, Bi Mwasiti," jirani yake aliwahi kumwuliza, "haya maandishi ya nyuma ya pakiti, yanaandikiwa nani?"

Jirani mwenyewe ni Bi Salha, mwanamke mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa mzima. Siku hiyo alikuwa kasimama kibarazani, pakiti ya biskuti kaiinua juani, anaisogeza mbali, anaisogeza karibu, anaigeuza juu chini.

"Kama ni mimi niliyeandikiwa," akaendelea, "basi huyo mwandishi hanijui. Angenijua angeandika kwa herufi za mtu mzima, tena angenieleza nile ngapi niache."

Bi Mwasiti alicheka, akasema hajui. Lakini swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akapika nalo, akafua nalo, akanyanyuka nalo kwenye mswala. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto walikuwa na nyumba zao, na mtu aliyebaki peke yake ana nafasi ya kulifuata swali hadi kwao. Basi akafunga kibindo, akaondoka kwenda kutafuta jibu. Mwenye kupenda habari za njiani ataniwia radhi: njia ilikuwa vumbi tu. Habari ni nchi aliyoifikia, na nchi hiyo jina lake Andikoni.

Watu wa Andikoni ni wapole, wacha Mungu, na wana adabu kupita kiasi. Hakuna kinachofungwa kwao kisiandikwe. Kila pakiti, wanasema, ina uso na kisogo. Sheria yao inasema uso una ruhusa ya kuimba, kisogo kina wajibu wa kuungama. Bi Mwasiti alipoingia duka la kwanza aliona pakiti yenye ng'ombe mnono amesimama kwenye majani mabichi.

"Huyu ng'ombe maziwa yake yamo humu?" akamwuliza mwenye duka.

"Ng'ombe huyo ni wa uso, mama. Ukitaka kujua kama yumo ndani, mgeuze."

Akamgeuza. Kisogoni herufi zilikuwa kama sisimizi waliotoka mazikoni. Akazisoma kwa taabu, moja moja. Ng'ombe hakuwemo.

Pembeni kulikuwa na chupa za maji, usoni zimeandikwa kwa wino wa dhahabu: HAYANA MAFUTA.

"Kwani nani alisema maji yana mafuta?"

"Hakuna aliyesema, mama," mwenye duka akajibu kwa heshima zote. "Ndiyo maana wakaguzi waliliona neno hilo ni la kweli, wakalipitisha."

Kesho yake akaenda kusikiliza Baraza la Vifungashio, ambalo mlango wake huwa wazi kwa kila mgeni. Siku hiyo walikuwa wanajadili Sheria ya Mstari. Sheria hiyo yasema vitu vyote vilivyomo ndani ya pakiti visimame kisogoni kwa mstari, kilicho kingi kitangulie, kilicho kichache kifuate. Ni sheria nzuri. Tatizo ni Sukari, ambaye kwa haya zake hapendi kuonekana mbele. Kwa hiyo kwenye pakiti moja ya biskuti alikuwa amejigawa: huku kasimama kwa jina la Sukari, nyuma kidogo kasimama kama Rojo ya Mahindi, nyuma tena kama Asali ya Miwa, na mwisho kabisa kama Utamu wa Tende. Mbele yao wote alisimama Unga, kifua mbele, akijiona ndiye mkubwa wa nyumba.

Mjumbe mmoja mzee aliinuka. "Mheshimiwa Mkuu, hawa wa nyuma si ndugu?"

"Ni ndugu, mheshimiwa. Baba mmoja, mama mmoja."

"Je, wakikumbatiana, nani atakuwa mbele?"

Mkuu wa Baraza, Bwana Zahoro, mtu mnene mwenye macho ya huruma, alifikiri sana kabla ya kujibu. "Sheria inapanga waliosimama, mheshimiwa. Haijasema lolote juu ya wanaokumbatiana."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, na pakiti ikapita. Bi Mwasiti hakuona hila katika nyuso zao. Aliona watu wanaoogopa kumwaibisha mtu, hata mtu mwenyewe akiwa sukari.

Baada ya kikao akazungumza na Mtunza Mihuri, Bi Chausiku, mama mtu mzima aliyevaa mihuri miwili shingoni kama hirizi. Mmoja wa kijani, maana yake kula kwa amani. Mwingine mwekundu, maana yake jihadhari: chumvi, au sukari, au mafuta yamezidi. Wa kijani ulikuwa umelika pembe kwa kugongwa. Ule mwekundu uling'aa kama siku uliyochongwa.

"Huu huutumii?" Bi Mwasiti akauliza.

"Sijawahi, shoga yangu. Hata wino wake umeganda kwenye kopo, mgumu kama kinyesi cha mjusi." Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Nchi yetu ina bahati. Kila kinacholetwa kinapita kijani. Tunapima kwa tonge, na kwa tonge moja hakuna kinachozidi."

Hapo ndipo Bi Mwasiti alipoelezwa habari ya tonge. Tonge kwa watu wa Andikoni ni kile ambacho mtu mmoja anakula akiketi mara moja, hata kiwe bakuli zima. Wazee wa zamani waliona hawawezi kupima vinywa vya nchi nzima, wakakubaliana wachague kinywa kimoja cha mtu mwaminifu. Kila mwaka, baada ya mavuno, mtu huyo anaketishwa mbele ya Baraza, anawekewa chakula, anakula mpaka aseme ameshiba. Kilichopungua bakulini kinapimwa. Hicho ndicho tonge la mwaka mzima, na kila kisogo cha kila pakiti kinaandikwa kwa hicho. Cheo chake anaitwa Mlaji wa Nchi, na kwa miaka mingi cheo hicho amekishika Mzee Ngoda.

Wageni wote wa heshima hufikia kwa Mzee Ngoda. Ndivyo Bi Mwasiti alivyojikuta kwenye nyumba yake, mkekani, ubavuni mwa mkewe, Bi Semeni.

Bi Semeni alikuwa mcheshi, lakini alikuwa hainuki. Miguu yake ilikuwa juu ya kigoda, imevimba, inang'aa, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Pete yake ya ndoa ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Alikuwa anaswali ameketi, na akimaliza ilimbidi atulie kwanza avute pumzi ndipo azungumze.

"Tabibu amenionya," alimwambia mgeni wake kwa sauti ileile ya masihara. "Kasema chumvi ndiyo adui yangu. Maji haya yakipanda kifuani, basi tena, mtanisomea tu. Lakini mimi mtiifu, shoga. Kaniambia nisile chenye muhuri mwekundu, nami sijala. Mie mtu wa kijani. Huoni hata kanga yangu?"

Chakula kikaja. Ilikuwa supu ya pakiti, ile ya unga unaokorogwa na maji ya moto, kwa kuwa mafiga Bi Semeni hayawezi tena. Akajaziwa bakuli. Akalinywa lote, akafuta la chini kwa mkate. Mzee Ngoda naye akanywa lake, akaongezwa jingine. Bi Mwasiti alionja kijiko kimoja tu, ulimi ukamkunjamana.

"Shoga, supu hii ina chumvi nyingi."

"Chumvi gani? Isome mwenyewe. Kijani hiyo. Na kisogoni imeandikwa: chumvi, chembe."

"Chembe kwa tonge."

"Ndiyo. Tonge la huyu bwana hapa." Akamnyooshea mumewe kidole kwa fahari. "Kingekuwa kinywa cha mtu mwingine ningetia shaka. Huyu nimempikia tangu ana nywele kichwani."

Bi Mwasiti akaliangalia bakuli lililokuwa mikononi mwa Mzee Ngoda. Lilikuwa la pili, na lilikuwa limefika chini.

"Mzee, hilo bakuli ndilo tonge?"

Mzee Ngoda akacheka. "Aa, dada yangu! Tonge linakaa Barazani, ndani ya sanduku. Hili ni bakuli tu." Akacheka tena, safari hii kidogo. Kisha akalitua bakuli chini polepole, akalitazama, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyokuwa na hakika nayo.

Asubuhi Bi Mwasiti na Mzee Ngoda wakaenda Barazani. Bwana Zahoro akawakaribisha kahawa, akafungua sanduku la mninga. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na kijiwe cha kupimia. Kilikuwa sawa na punje ya kunde.

"Hili ndilo?" Bi Mwasiti akauliza.

"Ndilo, mama. Mwaka wa kwanza lilikuwa kama yai la kuku. Mwaka uliofuata kama yai la njiwa. Mzee wetu kadiri anavyoheshimika ndivyo anavyokula kwa staha. Huku kwetu heshima ikipanda, tonge hushuka."

Mzee Ngoda alikuwa amekishika kijiwe kiganjani. "Dada," akasema bila kumtazama, "mtu hali mbele ya wakubwa kama anavyokula kwake. Wanakaa wote wamenikodolea macho, kijiko cha fedha, kitambaa cheupe. Nagusisha ulimi, nasema nimeshiba. Nani angefanya vingine?"

Bi Mwasiti alikuwa amepata jibu la Bi Salha, na jibu halikumfurahisha. Maandishi yale yanaandikiwa mtu anayekula mbele ya wageni. Na mtu huyo, wageni wakishaondoka, hayupo tena. Anayebaki jikoni na bakuli ni mwingine.

"Zahoro, ndugu yangu," Mzee Ngoda akasema, "mke wangu anakunywa matonge mangapi katika bakuli moja?"

Bwana Zahoro alikishusha kikombe. "Mzee wangu, usijitie lawama. Hukusema uongo. Ulisema umeshiba."

"Sikuwa nimeshiba."

"Hiyo ni adabu. Adabu si uongo."

"Basi mwaka huu nitakula kama ninavyokula kwangu."

Bwana Zahoro akainuka, akafunga mlango. Akarudi akaketi karibu, akamshika mwenzake goti. Alisema kwa upole, na Bi Mwasiti aliamini upole ule. "Utaitwa mlafi, Ngoda. Mbele za watu, kwenye kanzu yako. Unajua kwetu hakuna aibu kuu kuliko hiyo. Hata wizi mtu husamehewa. Na si wewe tu. Nchi nzima itaamka asubuhi imekuwa nyekundu. Watu watashika chakula kwa woga. Mama yangu mzazi anakula kwa muhuri. Nikamwambie nini? Kwamba nilikuwa namlisha nini siku zote?" Akamsogezea kahawa, akasema, "Mwambie mkeo tu, nyumbani, taratibu. Aache supu. Yaishe."

Lilikuwa shauri la busara, na Mzee Ngoda akalifuata. Bi Mwasiti alikuwepo akisikia.

"Mke wangu, hiyo supu iache. Ina chumvi."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Bi Semeni akamtazama mumewe kwa muda, akivuta pumzi. "Mihuri imesema kijani. Tabibu kasema fuata mihuri. Na mihuri imefuata kinywa chako wewe, uliyeketi ukala mbele za watu, ukamtaja Mungu. Leo unakuja na kauli nyingine, hapa tukiwa na sufuria tu. Sasa nikusadiki yupi, baba watoto? Wewe wa Barazani, au wewe wa jikoni?"

Mzee Ngoda akanyoosha mkono kuiondoa sufuria.

"Au ndiyo umechoka kunilisha?" Bi Semeni akamtania, lakini machozi yalikuwa karibu. "Kimenibakia nini mie zaidi ya hiyo supu? Ukiwa mkweli, kaseme kulekule ulikosemea kwanza. Nikisikia kutoka huko, bakuli naligeuza mwenyewe."

Akajaza bakuli lake, akanywa lote.

Siku zilizofuata Bi Mwasiti alipokuwa akitembea mtaani alianza kuhesabu kwa macho, akaacha, maana ilimtia huzuni. Karibu kila kibaraza kilikuwa na kigoda, na juu ya kigoda miguu imeinuliwa. Watu wakimsalimu kwa uchangamfu, wakimkaribisha supu. Wengine walikuwa vijana. Alijibu salamu zote, akaomba dua moyoni, akapita.

Siku ya Tonge ikafika. Kwa desturi mke wa Mlaji ndiye humnawisha mumewe mikono, kabla ya kula na baada ya kula. Mwaka huo Bi Semeni hakuweza hata kuvuka kizingiti. Usiku na mchana alikuwa ameegemezwa mito, maana akilala chali pumzi inakata. Akamwomba Bi Mwasiti ashike birika na bakuli la kunawia badala yake.

Ukumbi ulijaa. Wajumbe walikuwa kwenye kanzu zilizopigwa pasi zikasimama. Mpimaji alikuwa mezani na mizani yake, Bi Chausiku kando yake na mihuri shingoni. Mzee Ngoda akaingia, akaketi, akanawa. Wakamletea kijiko cha fedha na kikombe kidogo cha supu. Akavisogeza pembeni. Kutoka kwapani akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua. Lilikuwa bakuli la udongo la nyumbani kwake, lenye ufa ukingoni.

"Nitilie humu," akamwambia mwandazi.

Mwandazi akamtazama Bwana Zahoro. Bwana Zahoro akatazama chini. Supu ikamiminwa.

Mzee Ngoda akasema bismillahi, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Hakugusisha ulimi, alikunywa, koo likisikika. Akamega mkate, akauchovya, akala, mchuzi ukamchirizika kidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ukumbi ukawa kimya hata sauti ya kutafuna ikawa kubwa.

"Astaghfirullahi," mtu akanong'ona nyuma.

"Huyu kafunga tangu juzi nini?" mwingine akasema, na vicheko vidogo vikapita, vile vya watu wanaomwonea mtu aibu.

Bakuli likaisha. Bwana Zahoro akainama kuelekea kwake. Jasho lilikuwa limemjaa usoni. "Mzee wangu," akasema chini kwa chini, karibu ya kuomba, "sema umeshiba. Bado inafaa. Sema tu."

"Sijashiba."

"Ngoda."

"Sijashiba, Zahoro. Kwangu huwa naongeza."

Mwandazi alisimama na upawa hewani. Ndipo Bwana Zahoro, ambaye mama yake mzazi anakula kwa muhuri, alipomwashiria mwandazi kwa kidole kimoja, bila kuinua uso. "Mwongeze."

Safari hii hakucheka mtu. Bi Mwasiti aliona mjumbe mmoja mzee, yule aliyeuliza habari za ndugu wanaokumbatiana, anajishika goti chini ya kanzu na kulibonyeza polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa akijua kipo. Mzee Ngoda akala hadi mwisho. Akafuta bakuli kwa mkate, akala na mkate.

"Alhamdulillahi," akasema kwa sauti ya kufika nje. "Sasa nimeshiba. Hili ndilo tonge langu. Yale mengine yalikuwa adabu."

Mpimaji akaanza kuweka mawe kwenye mizani. Kijiwe cha kunde hakikusogeza kitu. Akaongeza jiwe, akaongeza jingine, akalazimika kwenda kuomba mawe makubwa kwenye duka la jirani. Walipomaliza, Bi Chausiku akachukua pakiti ya supu, akaisoma kisogo chake upya kwa tonge lile jipya, midomo ikitembea. Kisha akauvua muhuri mwekundu shingoni. Akafungua kopo la wino, akagonga kwa ukucha. Lilikuwa jiwe.

"Shoga," akamgeukia Bi Mwasiti, "nisaidie maji kidogo."

Bi Mwasiti akainamisha birika lililowekwa kwa ajili ya mikono ya Mlaji, akatia maji ndani ya kopo. Bi Chausiku akakoroga kwa kijiti. Wino ukaanza kulegea.

Mzee Ngoda alikuwa ameshasimama.

"Mzee, hujanawa," Bwana Zahoro akasema kwa haraka. "Na kuna dua, kuna hotuba. Watu wanakutazama mikono."

Mzee Ngoda akaitazama mikono yake. Ilikuwa inang'aa mchuzi, vidole vyote. Hakuificha ndani ya kanzu. Akakikunja kitambaa, akalichukua bakuli lake tupu lenye ufa, akapita katikati ya wajumbe akielekea mlangoni, kwenye njia ya nyumbani kwake.